BWANA AFYA ANAJIBU: Maiti yenye ugonjwa ni ya ndugu au ya serikali?

Toleo lililopita niligusia mistari minne tu kuhusu Marburg, ule ugonjwa wa virusi ndugu yake Ebola, nikasema anayekufa nayo hazikwi kama tulivyozoea, alafu nikahamia kwenye vyoo vya stendi. Loh! Vyoo hamna aliyeniuliza hata mmoja. Barua, meseji, mpaka mama mmoja kanisimamisha Kiboriloni sokoni na ndizi zake kichwani, wote wanauliza makaburi tu. Na walioandika kwa uchungu zaidi sio Walutheri wenzangu wala Wakatoliki, ambao huku Kilimanjaro ndo wengi na kila ukoo una kihamba chake, yani shamba la migomba la ukoo, cha kuzikana, ni wale ambao kwa hesabu ni wachache. Basi leo vyoo vipumzike.

"Shikamoo bwana afya. Mimi ni mama wa Pasua hapa Moshi, Muislamu. Mwanzoni mwa 2021 mume wangu alilazwa siku nne akafariki, hawakuandika korona popote, tukaambiwa kwa mdomo tu ni changamoto ya upumuaji. Mochwari wakakataa katakata tusimuoshe, wakasema ni amri, wakamtia kwenye mfuko na jeneza likapigiliwa misumari. Alizikwa usiku, mashemeji zangu sita ndo waliruhusiwa kushuka kwenye gari. Sanda niliyomnunulia iko kabatini mpaka leo. Nauliza, walikuwa na haki? Na mume wangu amelala vizuri kweli?" – Mama wa Pasua

Marahaba mama, na pole sana, najua miaka imepita lakini msiba wa namna hiyo hauna arobaini.

Nianze na upande ninaoujua. Bwana afya akisimama mbele ya maiti swali la kwanza sio huyu alikuwa dini gani wala ndugu zake ni wakorofi kiasi gani, swali ni huu ugonjwa unatokaje mwilini ukamfikia mwingine? Kuna magonjwa ambayo mtu akishakufa ndo anazidi kuwa hatari, Ebola na Marburg ndo hizo, damu na majimaji yote ya mwili yamejaa virusi na ukimgusa mkono mtupu umejitafutia. Kipindupindu nacho kwa sababu ya kile kinachotoka tumboni. Alafu kuna magonjwa ya pumzi kama korona, ambayo ili yakupate yanataka mtu akohoe, apige chafya, akuongelee karibu. Maiti haikohoi. Ukimgeuza mwili hewa kidogo iliyobaki kifuani inaweza kutoka, ndo maana unavaa glavu, barakoa na aproni, mnakuwa watu wachache, na wazee na wenye sukari na presha wanakaa pembeni. Basi.

Na hili sio la kwangu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maiti za korona tarehe 24 Machi 2020, siku nane tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa nchi hii kutangazwa, ambaye kama mmesahau alikuwa hapo jirani Arusha. Waliandika kwamba marehemu wa korona anaweza kuzikwa au kuchomwa, vyovyote, kwamba mfuko sio lazima isipokuwa kama mwili unavuja sana, kwamba ndugu wanaweza kumwangalia ila wasimguse wala kumbusu, na hata akifia nyumbani anayemuosha na kumvalisha, awe ndugu awe kiongozi wa dini, avae glavu. Walisema na lingine ambalo ningependa libandikwe kila mlango wa mochwari, kwamba kudhani aliyekufa na ugonjwa wa kuambukiza lazima achomwe ni imani tu ya watu. Kwa hiyo mama, mumeo alipofariki hiyo karatasi ilikuwa na karibu mwaka mzima.

Sasa walikuwa na haki? Mamlaka walikuwa nayo. Katiba yetu ibara ya 19 inakupa uhuru wa dini, alafu ibara ya 30 inasema uhuru huo unaweza kubanwa na sheria kwa ajili ya mambo kadhaa na afya ya jamii imetajwa humo, na Sheria ya Afya ya Jamii namba 1 ya 2009 inampa afisa afya meno kwenye magonjwa ya kuambukiza. Mamlaka ipo. Kilichokosekana ni sababu. Walitakiwa wakwambie ni ugonjwa gani, kwa nini ugonjwa huo unazuia kuosha, na kama kuosha kote hakuwezekani basi kipi kinawezekana. Kukaa kimya kuhusu ugonjwa alafu ukawa mkali kwenye mazishi, hapo umechukua vyote viwili, mtu kanyimwa jibu na kanyimwa maiti yake.

Ila nisijifanye malaika. Mwaka ule nilishastaafu lakini mtaani kwetu walinivuta kwenye kamati, na nakumbuka siku moja tumesimama mita kama kumi kutoka kwenye jeneza lililofungwa, tumejifunika mpaka macho, wakati wafiwa tumewapanga kwenye daladala wamebanana ishirini na madirisha yamefungwa. Yani anayepumua tumembananisha, asiyepumua tumemkimbia. Niliyajua yote haya niliyokuandikia hapo juu na bado nilikimbia. Woga ukivaa koti jeupe unaitwa amri.

La pili mimi siliwezi, mimi ni Mmachame wa Kilutheri, nikamfuata sheikh mmoja wa Majengo ninayemheshimu tukakaa barazani kwake mpaka adhuhuri. Anasema kuosha maiti ni faradhi ya watu walio hai, sio ya marehemu, kwa hiyo wakizuiwa na nguvu iliyo juu yao hakuna linalomwandama yeye kaburini. Anasema pale maji yanaposhindikana kuna kutayamamu, yani kupakwa udongo safi mahali pa maji, na pale hata hilo likizuiwa swala ya jeneza bado inasaliwa, hata kaburini baadaye, akaniuliza mashemeji walimsalia? Hilo utalijibu wewe. Alafu akanikumbusha kwamba kwenye hadithi za Mtume aliyekufa kwa tauni anahesabiwa shahidi. Kuhusu ile sanda akasema mpe masikini wa Mungu atakayefiwa hana uwezo, nia yako imeshaandikwa. Nami nakuongezea la kwangu, kama roho haijaridhika usikae nayo ndani, nenda kwa sheikh wako mwenyewe umweleze kama ulivyonieleza mimi.

"Shimbonyi mbe. Mbona tunazungukazunguka? Ugonjwa mbaya ukija si wachomwe wote tu, Mkristo Muislamu wote moto. Sisi Old Moshi maji yetu ni mfongo, ile mifereji ya wazee, na chemchemi, ukimzika mtu wa Marburg juu ya mfongo si unaua bonde lote mpaka mjini? Nimesikia kuna nchi walifanya hivyo." – Mzee wa Old Moshi

Aika mbe. Nchi unayoisikia ni Sri Lanka, na nitakusimulia ilivyokwenda maana inaonekana aliyekupa stori alikupa nusu.

Kule wengi ni Wabudha, kuchoma maiti kwao ni kitu cha kawaida. Waislamu ni kama mmoja katika kila watu kumi. Korona ilipoingia serikali ikatangaza rasmi Aprili 2020 kwamba kila aliyekufa nayo achomwe, hoja ikawa hii hii yako, kwamba maji ya ardhini yako juu na maiti zitayachafua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa mezani unasema kuzika sawa, haukusikilizwa. Watu wakaenda Mahakama ya Juu, Desemba mosi 2020 kesi ikatupwa. Siku chache baadaye kuna mtoto wa Kiislamu wa siku 20, ishirini tu mbe, alichomwa Colombo wazazi wake wanakataa. Hapo hata wasio Waislamu wakashindwa kuvumilia, watu wakawa wanafunga vitambaa vyeupe kwenye uzio wa makaburi ya pale, vitambaa vya sanda hivyo, wanavikuta vimetolewa wanafunga tena. Februari 2021 serikali ikalegeza. Lakini wakasema mtazika sehemu moja tu, wakatenga eneo linaitwa Oddamavadi huko mashariki ya nchi mbali na Colombo, maiti zikawa zinasafirishwa na zikazikwa zaidi ya 3,000. Julai 2024 baraza la mawaziri likaomba radhi rasmi. Radhi nzuri, ila majivu hayawi maiti tena.

Ukiniuliza mimi, ile haikuwa sera ya afya, ilikuwa desturi ya wengi imevalishwa joho la daktari. Ndo maana na wewe nakuuliza kwa upole tu, ungesema wachomwe wote kama wewe mwenyewe usingekuwa na kihamba, na migomba, na kaburi la babu yako pembeni ya nyumba? Au unasema kwa sababu unajua moto hautafika kwako? Usinikasirikie.

Na hata ukiacha dini, moto wa lazima una kasoro ya kazi. Liberia mwaka 2014 Ebola ilivyowazidi Monrovia, Agosti wakaamuru maiti zote za mjini zichomwe. Kilichotokea watu wakaanza kuficha wagonjwa, wakawa wanazika kimyakimya usiku kwa mikono yao, yani kile kile tulichotaka kukizuia. Kufika Desemba wakaacha, wakapata ardhi ya kuzikia ikawa watu wanaona kaburi. Mtu akijua akimpeleka mgonjwa wake hospitali atarudishiwa majivu, hampeleki, na huyo asiyepelekwa ndo anayeambukiza kijiji.

Haya, mfongo. Virusi kama vya Marburg na korona vina ganda laini la mafuta, vikikosa mwili hai havidumu ardhini. Kipindupindu ndo chenyewe kinapenda maji, hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia sogeza kaburi. Vipimo vipo, mwongozo wa kimataifa wa wakati wa majanga unataka kaburi liwe mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya kunywa na chini ya kaburi pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kukutana na maji ya ardhini, na sheria yetu ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Kwa hiyo jibu la maji ni futi kamba, sio kiberiti. Na nikwambie ukweli, choo cha jirani yako kilichochimbwa juu ya mfongo kinanitisha kuliko hilo kaburi. Mnaona mmenirudisha kwenye vyoo.

"Niaje mzee, mi ni kijana wa Ngarenaro Arusha. Marburg si ilitua Biharamulo, ikitua huku na mdingi wangu akaondoka nayo ndo nakaa tu naangalia? Sisi Waislamu hatuna cha kufanya kabisa?" – Kijana wa Ngarenaro

Una cha kufanya, ila mikono yako kwenye mwili hapana. Hapo mimi ni mkali na sitalegeza. Marburg ya Kagera ya 2023 iliua watu sita kati ya tisa, ile ya Biharamulo iliyotangazwa Januari 2025 waliohesabiwa walikuwa kumi, hao kumi wote wamekufa. Hii sio korona ya mama wa Pasua hapo juu, msichanganye.

Lakini usikae ukiangalia. Ebola ya Afrika Magharibi ilivyokuwa imepamba moto, ile iliyoondoka na watu zaidi ya 11,000, wataalamu waligundua kwamba angalau mtu mmoja katika kila watano wanaoambukizwa alipatia kwenye mazishi. Mwanzoni wakafanya kwa ubabe, gari linakuja watu wamevaa kama wanaanga, wanabeba, wanaondoka, mama hajui mtoto kazikwa wapi. Watu wakapiga mawe magari. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likakaa na Waislamu na makanisa wakaandika utaratibu mpya, na mimi naona ndo hati ya maana kuliko zote katika ishu hii. Unasema mazishi yasianze kabla familia haijakubali. Unasema kwa Muislamu kutayamamu kunaweza kufanywa juu ya mfuko uliofungwa na mtu wa timu aliyevaa kinga, bora awe Muislamu, na mfuko uwe mweupe au uzungushiwe shuka jeupe lisimame mahali pa sanda. Kiongozi wa dini anaswalisha kwa umbali. Kwa Mkristo vilevile, padri anabariki, ndugu wanaweza kutoa nguo iwekwe juu. Kaburi linawekwa jina.

Kwa hiyo ikitokea, Mungu apishe mbali, usianze na kupigana na mlinzi wa mochwari. Mtafute imamu wako mapema aongee na afisa afya wa wilaya, ombeni mmoja wenu avalishwe kinga aingie na timu, ombeni msimame mahali mnaona, ombeni kaburi lichimbwe na vijana wa kwenu kabla mwili haujafika maana kuchimba udongo hakuambukizi. Na mambo haya mzee wa msikiti ayaongee na mganga mkuu sasa hivi wakati hamna ugonjwa, maana siku ya msiba kila mtu ana hasira na hakuna anayesikia.

"Uncle, sisi ni Wahindu wa Arusha mjini, vizazi vinne hapa. Kila mtu anaongelea kuzika kwa lazima na kuchoma kwa lazima. Ikitokea Marburg wakisema sisi lazima tuzike?" – Msomaji wa Arusha

Hakuna sababu ya kitabibu ya kukuzuia kuchoma, moto unaua kila kitu na majivu hayana ugonjwa, mnaweza kuyachukua na kuyapeleka majini bila wasiwasi. Kitakachobadilika ni kabla ya moto. Kumuosha, kumvalisha, kumpaka sandali, kumtia maji ya mto Ganga na jani lenu takatifu la tulsi mdomoni, hayo kwa Marburg hayapo, mfuko ukishafungwa haufunguliwi. Mnaweza kuweka maua na tulsi juu ya mfuko, na mtoto wa kiume akawasha moto kama kawaida. Kitu kimoja ambacho watu husahau, kama mzee aliwekewa ile betri ya moyo mwambieni daktari mapema, maana ikiingia motoni inalipuka, na kuitoa kwenye mwili wa Marburg ni kazi ya hatari, hapo inabidi mkae nao muamue.

Ila nakuombea kitu. Ukisikia siku moja serikali imeamuru kuchoma, wewe ambaye kuchoma ni kwako, uwe wa kwanza kumsemea jirani yako Muislamu. Kule Sri Lanka waliokuwa wanafunga vile vitambaa hawakuwa Waislamu peke yao.

"Mimi ni Mbahai, naishi Arusha na mume wangu, yeye kwao Rombo. Imani yetu inasema mtu asisafirishwe kuzikwa zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka alipofia, na asichomwe. Ukoo wa mume umeshaniambia wazi kwamba yeyote akifa anapandishwa kihambani. Serikali inaweza kunisaidia?" – Dada wa Sakina

Dada, barua yako imenichekesha kidogo, samahani, maana wote hapo juu wanailalamikia serikali na wewe unaitafuta. Kwa afya ya jamii wewe ndo mteja wa ndoto zetu, kuzika karibu na haraka, hamna kusafirisha mwili kwenye joto, hamna Noah tano za wafiwa barabarani usiku. Lakini kama mtu kafa na ugonjwa wa kawaida bwana afya hana ubavu wa kuuzuia ukoo, kibali cha kusafirisha watapewa na safari itaondoka, na Arusha mpaka Rombo saa moja imekwisha hujafika hata Himo. Adui yako hapa ni wifi na shemeji. Mume wako aandike wosia, auandike kwa mkono wake, mashahidi wawe na mmoja wa ukoo ule ule, ikiwezekana yule mkubwa anayeogopwa, na nakala ikae kwa wakili na nyingine kwenu kwenye jumuiya ya Kibahai. Alafu aende mwenyewe Rombo Desemba hii wakati wote wamerudi, mbege ikiwa bado haijawakolea, awaambie kwa mdomo wake. Wewe usiseme neno, wewe pika.